Sura ya Kumi Kabla ya Sura ya Pili

Ofisini walimwita Mama Hodi. Jina hilo alilipata kwa sababu kila skripti aliyoiandika ilianza kwa kutoa neno "Hodi" kwenye skrini kabla ya kugusa kazi yoyote. Skripti, kwa asiyejua, ni maagizo yaliyopangwa mstari kwa mstari, ambayo kompyuta huyasoma kutoka juu hadi chini na kuyatekeleza bila kuuliza maswali. Wenzake walimcheka, wakamwuliza mashine inabisha hodi kwa nani. Aliwajibu kwamba angalau inabisha, maana wao wanaingia ofisini kwake kama mbuzi.

Alianza kazi akiwa mpiga chapa, enzi za mashine zenye utepe wa wino, katika ofisi ambayo mkuu wake hakuwahi kumaliza sentensi aliyoianza. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliizunguka kama maiti, yeye akavuta kiti akakaa. Akaenda masomo ya jioni akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza, akapata cheti akiwa na mimba ya wa pili. Baadaye akahamishiwa studio ya vitabu vya sauti, chumba kilichokuwa nyuma ya maktaba, kilichobandikwa magodoro ya zamani ukutani ili kuzuia kelele. Feni ilizimwa kila wakati wa kurekodi, kwa hiyo wasomaji walitoka humo wameloa chapachapa, kitabu kikiwa cha mapenzi au cha kilimo. Vitabu hivyo vilikuwa vya wasioona, vya wazee ambao macho yamechoka, na vya yeyote aliyependa kusomewa.

Mumewe alimpata humo humo. Alikuwa mwalimu wa historia mwenye sauti nzuri na ubishi mwingi, aliyejitolea kusoma kitabu kimoja tu, na kila siku akawa anapata sababu ya kurudia ukurasa wa jana. Sauti ilikuwa safi, ukurasa ulikuwa safi, ila jamaa alikuwa amenasa. Basi wakaoana. Miaka ikaenda, watoto wakakua wakatawanyika na maisha yao, na presha ya macho ikamwingia Mwalimu taratibu, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka siku moja akalisalimia koti lililotundikwa mlangoni akidhani ni shemeji yake. Alicheka yeye kwanza ili mkewe asilie.

Asilolicheka lilikuwa jambo moja: kushikwa kiwiko. Tangu macho yaondoke, kila mtu alimshika kiwiko. Majirani walimvusha barabara ambayo hakutaka kuivuka. Ndiyo maana chama cha wasioona kilipomwomba asimamie chumba chake cha kadi, alikubali kabla hawajamaliza kuuliza. Kilikuwa chumba kidogo chenye kompyuta kuukuu ya mezani na mkebe wa bati uliojaa memori kadi. Kazi yake ilikuwa kupokea vitabu kutoka studio, kuvinakili kwenye kadi na kuvituma kwa wasikilizaji. Kompyuta ilimsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Kiwiko chake, humo ndani, kilikuwa mali yake.

Skripti ya kunakili aliiandika Mama Hodi, na aliiandika kwa mapenzi, ambayo ndiyo yaliyoiponza.

Siku hiyo simu ilitoka makao ya wazee. Aliyepiga alikuwa bibi mmoja mkali, msikilizaji wao wa kudumu, aliyekuwa amepelekewa riwaya ya mauaji.

"Shikamoo bibi," alisema Mama Hodi.

"Marahaba. Mwanangu, hiki kitabu chenu kina kichaa. Nimesikiliza sura ya kwanza, mtu kauawa. Sura inayofuata, muuaji keshakamatwa. Inayofuata, keshahukumiwa. Halafu wanasema mwisho, halafu yuko sokoni ananunua kisu!"

"Bibi, labda umebonyeza…"

"Sijabonyeza! Na wenzangu wote wamesikia hivyo hivyo. Tulikuwa tumewekeana dau nani kaua. Mmetuharibia wiki."

Mama Hodi alikata simu akiwa na kicheko kooni, na kabla hakijatoka kikamgeukia. Alijua kilichotokea.

Skripti yake ilikuwa kama mpishi asiye na hata mwiko wake. Ikitaka kukata jina la faili, inaita zana fulani iliyomo kwenye kompyuta. Ikitaka kupanga sura, inaita nyingine. Ikitaka kujua tarehe, nyingine. Na ikitaka kuchora mstari wa rangi unaoonyesha kazi imefika wapi, inaita nyingine tena. Kwenye mashine yake ya studio, ile iliyotolewa na wafadhili, zana zote zilikuwepo kwa sababu yeye mwenyewe aliziweka. Kompyuta ya chumba cha kadi nayo ilielewa maagizo yale yale, ila zana zake zilikuwa za kizazi kingine. Majina yalifanana, tabia hazikufanana. Zana ya kupanga ya studio ilijua kwamba mbili hutangulia kumi. Ile ya chumba cha kadi ilitazama tarakimu ya kwanza tu, ikaona moja, ikasema moja hutangulia mbili, basi sura ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili zikapanda mbele ya ya pili kama watu wanaoruka foleni.

Hata hivyo, zana ile ilikuwa imelalamika kwanza. Ilisema wazi kwamba haielewi inachoambiwa. Ni Mama Hodi aliyeandika kwenye skripti kwamba zana ikishindwa, ipange hivyo hivyo inavyojua, na malalamiko yasionekane. Hakutaka sauti ya kompyuta imsumbue mumewe kwa maneno ya kiufundi. Alimziba masikio mtu ambaye masikio ndiyo macho yake.

Kamati ya chama iliitana. Mwenyekiti alikuwa mwanamke asiyeona tangu kuzaliwa, mwenye maneno machache na kumbukumbu ndefu, na Mama Hodi alimpigia simu kabla kikao hakijaanza.

"Mama Mwenyekiti, kosa ni langu. Mwalimu hana kosa hata kidogo."

"Najua ni lako. Hilo ndilo linalonisumbua."

"Kivipi?"

"Mtu mwenye macho akikosea, amekosea yeye. Sisi tukikosea, wamekosea wasioona wote. Sipendi, lakini ndivyo watu wanavyotuhesabu. Sasa wajumbe wanataka aajiriwe msimamizi mwenye macho, akae mle ndani na Mwalimu."

"Amshike kiwiko," alisema Mama Hodi.

"Umesema wewe. Nimewaomba wasubiri hadi Jumatatu. Mwalimu atengeneze kadi mbele yetu, peke yake, mwanzo hadi mwisho. Ikiwa chumba kile hakiendi bila wewe, basi si chake, ni chako, na bora tujue."

Mama Hodi aliweka simu mezani. Alikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilitokana na kwamba mwanamke yule alikuwa amesema kweli. Alipiga moyo konde, akaifungua skripti.

Alipita mstari mmoja mmoja na kuuliza swali lile lile: wewe umeazimwa wapi, na ulikuja kufanya nini? Aligundua jambo ambalo hakulitarajia. Zana nyingi hazikuhitaji mbadala, zilihitaji kufukuzwa tu. Zana ya tarehe ya studio ilijua "jana" ni lini, wakati ile ya chumba cha kadi haikuwahi kusikia habari za jana. Lakini kadi ya kitabu ilihitaji tarehe ya jana ya nini? Hakuna aliyekumbuka. Akaifuta. Mstari wa rangi, ambao aliupenda kama mapambo ya sebuleni, ulikuwa ukisomwa na sauti ya kompyuta asilimia moja, asilimia mbili, asilimia tatu, hadi mia, na Mwalimu hakuwahi kumwambia kwamba anauchukia. Akaufuta nao, kwa uchungu kidogo. Kukata majina, kompyuta yenyewe ilikuwa inaweza kukata ndani ya lugha yake ya maagizo, bila kumwita mtu wa nje. Yeye alikuwa amezoea tu kuita.

Kuhusu mpangilio wa sura, aliuondoa mzigo kwenye skripti kabisa. Kuanzia sasa studio ingezipa faili namba za tarakimu mbili tangu zinaporekodiwa, sifuri mbele ya moja, sifuri mbele ya mbili, na mashine yoyote, hata iliyo mbumbumbu, ingezitaja kwa zamu yake. Sura za kitabu zikizidi tisini na tisa, alisema, basi mwandishi ashtakiwe.

Fundi wa sauti, mwenzake wa studio, alimtazama akifutafuta akatikisa kichwa.

"Mama, si uende tu ukaziweke zana zako kwenye kila mashine? Kuna ubaya gani? Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Nitaziweka leo. Na kompyuta ikibadilishwa mwakani, nikiwa nimestaafu?"

"Ataziweka mwingine."

"Nani? Na kile kisanduku cha makao ya wazee, ile kompyuta yao ya kunakilia kadi, kidogo kama cha sabuni, kina nafasi ya zana gani? Hata pumzi yake ni ya kubana."

"Wahenga walisema mtegemea nundu haachi kunona."

"Walisema pia nguo ya kuazima haisitiri matako," alijibu Mama Hodi, "na yaliyoonekana safari hii ni ya mume wangu."

Fundi akarudi kwenye nyaya zake.

Mwisho aliondoa kiziba mdomo, ule mstari ulioficha malalamiko. Skripti mpya ikianza, ilikagua kwanza vile vitu vichache isivyoweza kuvikosa, na kimoja kikikosekana ilisimama pale pale na kusema kwa Kiswahili cha kawaida ni nini hakipo. Aliona heri mashine ikatae mlangoni kuliko ijifanye imeelewa. Akaijaribu studio, akaijaribu kwenye kisanduku cha wazee, akampelekea Mwalimu aijaribu chumba cha kadi. Zote tatu zikatoa sura kwa zamu. Mama Hodi angeweza kulala usingizi wake.

Ila hakulala, kwa sababu kuna mstari mmoja aliouongeza bila kumwambia mtu. Kabla ya kunakili, skripti ya chumba cha kadi ilituma mpangilio wa sura kwenye simu yake, kisha ikasubiri kimya. Alipojibu "sawa", ikaendelea. Kwenye kompyuta ya Mwalimu hapakusikika lolote, kazi ilisita kidogo tu, kama inayovuta fikra. Alijiambia ni tahadhari. Alijiambia ni kwa ajili yake. Alijiambia mengi.

Jumamosi walikuwa mezani, wakimenya viazi, Mwalimu akitoa maganda membamba kuliko yake, jambo ambalo hakuacha kulitaja.

"Mke wangu, nina swali la kiufundi."

"Uliza."

"Kwa nini kompyuta ya chamani inachoka ukienda kwa dada yako?"

Kisu cha Mama Hodi kilisimama.

"Jumanne ulikuwa ofisini, ikaenda mbio. Jumatano ulikuwa kwa dada yako, kule mtandao unakokatika, ikakaa kimya mpaka nikanywa chai nikamaliza. Jana ulikuwa kwenye foleni ya daktari wa meno. Ikakaa. Ulipotoka tu kwenye kiti na kunipigia kulalamika jino, ikaendelea. Mimi nilifundisha historia. Kazi yangu ilikuwa kuuliza nani alikuwa wapi."

Alitamani kujitia hamnazo, akashindwa. Akamweleza.

Mwalimu aliendelea kumenya. Alipokasirika hakuwa mtu wa kupaza sauti, na mkewe angependa apaze.

"Kwa hiyo umefukuza zana zote za kuazima," alisema, "ukabakiza moja, na hiyo imekaa mezani kwangu inaharibu viazi."

"Niliogopa, Mwalimu. Jumatatu wakikuona umekosea…"

"Watakuwa wameniona nimekosea. Miaka yote nilisahihisha makosa ya watoto wa watu. Na mimi niachie langu moja."

"Watakuletea mtu wa kukushika kiwiko!"

"Keshaletwa," alisema. "Yuko kwenye simu yako."

Aliinuka, akaweka bakuli lake kwenye sinki, akaenda zake kibarazani. Mama Hodi alibaki na ganda la kiazi mkononi. Iliuma sana, kwa sababu alikuwa amempenda mtu huyu kwa mikono siku zote: kumfungia vifungo, kumtengea, kumpangia, kumwandikia. Mtu anayependa kwa mikono akiambiwa aitoe, aiweke wapi?

Jumapili baada ya chakula cha mchana Mama Hodi alifungua kompyuta bila kuitwa, akamwita Mwalimu.

"Njoo ukae hapa. Nataka kuufuta ule mstari. Lakini ukaguzi lazima uwepo, Mwalimu. Mtu lazima aangalie kabla ya kunakili."

"Asiangalie. Asikilize."

"Nani?"

"Mwenye chumba."

Wakauandika upya pamoja, yeye akichapa, Mwalimu akimpinga kila neno. Skripti sasa ingetaja majina ya sura kwa sauti, moja baada ya nyingine, kisha ingemngoja Mwalimu mwenyewe abonyeze. Ule mstari wa simu ulikuwa mfupi, haukufika hata ukingo wa skrini. Aliuteua, akasita, akaufuta. Mwalimu alikisikia kidole chake kikisita. Kisha akaomba ahadi kwamba Jumatatu mkewe atakwenda kazini kwake kama kawaida, na akaipata.

Jumatatu asubuhi Mama Hodi alikuwa koridoni, nje ya chumba cha kadi, amevua viatu na kuvishika mkononi. Alijua amevunja ahadi. Mlango ulikuwa umeegeshwa, na kupitia mwanya aliona mgongo wa mumewe, na wajumbe wa kamati kwenye viti vya kuazima kutoka ukumbini, na mwenyekiti mbele yao, kidevu juu.

Skripti ilianza. Vitu vyote vilikuwepo. Sauti kavu ya kompyuta ikasoma sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Mwalimu akaitikia kwa kichwa kila moja, kama anayeita mahudhurio darasani. Ilipofika ya tisa ikafuatiwa na ya kumi, mjumbe mmoja akaguna kwa kuridhika. Mwalimu akabonyeza. Kazi ikaanza kwenda, kimya, bila asilimia hata moja.

Halafu ikasimama. "Kadi imejaa," sauti ilisema. "Sura ya nane haijanakiliwa."

Mama Hodi alivuta pumzi. Alijua mara moja: kadi ile ilikuwa na kitabu kingine, mtu aliirudisha kwenye bati bila kuifuta. Jibu lilikuwa la maneno matatu. Yalipanda hadi ulimini, yakasukuma meno.

"Labda tumpigie mkeo?" mjumbe mmoja alisema.

"Wa nini?" Mwalimu aliuliza.

Alichomoa kadi, akaiweka pembeni. Akapapasa ndani ya bati, akatoa nyingine, akaichomeka, akaiuliza kompyuta ina nini ndani. Haina kitu. Akaanza upya, akasikiliza tena majina yote tangu la kwanza, wakati wajumbe wakijikuna na kukohoa, na wala hakuruka hata moja. Mama Hodi alikuwa ameng'ata ukanda wa kiatu. Hatimaye sauti ikasema imemaliza, ikashukuru.

Mwenyekiti alinyoosha mkono, akapewa kadi na kifaa cha kusikilizia. Alisikiliza mwanzo wa sura ya kwanza, akaruka, akasikiliza mwanzo wa ya pili. Akafika ya tisa. Akafika ya kumi. Pale alikaa muda mrefu kidogo, mpaka mjumbe mwenzake akamgusa.

"Subirini," alisema, "ndipo anakamatwa." Kisha akavua vile vya masikioni. "Mimi sioni haja ya msimamizi. Nani anaiona?"

Hakuna aliyeinua sauti.

"Basi. Mwalimu, mpe mkeo shukrani zetu kwa hiyo skripti. Mwambie sasa inasema ukweli."

"Mwambie mwenyewe," alisema Mwalimu, bila kugeuka. "Yuko koridoni tangu tulipoanza. Kadi ilipojaa nilisikia anavyovuta pumzi."

Viti vililia. Wenye macho wakatazama mlango, wasioona wakausikiliza.

"Lakini hakusema kitu," Mwalimu aliendelea, na sauti yake, ile sauti ya studio, ikayumba kidogo. "Nyinyi hammjui huyu mama. Alijua tatizo ni nini kabla yangu, na hakusema. Hiyo ni kazi kubwa kuliko hii niliyofanya mimi."

"Basi aingie," alisema mwenyekiti.

Mama Hodi hakuingia. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na hakutaka kuonekana wala kusikika. Alivaa viatu, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaenda kazini.